Wakilia, Mtaoana

"Cheka," Delfina alimwambia Wade kwa sauti ya chini. "Cheka kwa nguvu, uwaambukize."

Walikuwa wamejibanza safu ya nyuma kabisa katika jumba la sinema la Bakersfield, yeye amevaa miwani nyeusi gizani, Wade ameshusha kofia hadi puani. Mbele yao, kwenye skrini, walikuwa hao hao wawili, warefu kama minara, wakiimbiana juu ya farasi.

Watu wa Bakersfield walikuwa wamekuja kutazama filamu ya wezi wa benki. Ilipokwisha wakaambiwa wasiondoke, kuna zawadi: filamu mpya ya studio ambayo haijaonwa na mtu. Ndiyo ilikuwa desturi ya Hollywood. Filamu ilipelekwa kwanza mji wa pembeni, kwa wachuma pamba na wachimba mafuta, nao wakubwa wakakaa kando gizani kusikiliza nani anakohoa na nani analia.

Bwana Harkness, mwenye studio, alikuwa ameshatoa hukumu yake mchana ule, sigara mdomoni.

"Wakilia kwenye busu la mwisho, mtaoana. Kanisani, na wapiga picha wote. Wakicheka, basi, kila mtu na hamsini zake."

"Na mimi nikikataa?" Delfina aliuliza.

"Ukatae? Kwani mkataba wangu uliusaini usingizini? Kataa, bibie, halafu tuone kama utapata hata kwaya ya mtaani ya kukuimbisha."

Delfina alikuwa ameshapanga nguo sandukuni. Kulikuwa na ukumbi New York uliomtaka akaimbe, aimbe kwa miguu yake miwili, bila farasi. Alihitaji kitu kimoja tu kutoka kwa watu hawa, nacho ni kicheko. Kuolewa na Wade Sterling hakutaka kabisa, na hayakuwa maringo. Mwanamume yule alikoroma kama trekta.

Kwenye skrini, Wade alikuwa amezingirwa na majambazi. Akafanya ambacho mtu yeyote mwenye akili timamu angefanya: akaanza kuimba. Vinanda vikamwitikia kutoka katikati ya jangwa. Vilifikaje huko, Mungu ndiye ajuaye. Majambazi, watu wenye adabu zao, wakasubiri kiitikio kiishe ndipo wafyatue risasi. Shati lake lilikuwa limevuka jangwa zima na bado mikunjo ya pasi ilionekana.

"Mzaliwa wa Texas," Delfina alinong'ona. "Aliyelelewa juu ya tandiko!"

"Studio imeandika hivyo. Mimi nani nibishe?"

"Ulikuwa unauza viatu Ohio, wewe. Farasi akipiga chafya unatafuta mlango."

"Na wewe binti wa jenerali, hujambo?" Wade akamsogezea mfuko wa bisi. "Shika. Hazina chumvi."

Akazipokea bila kushukuru. Studio ilikuwa imewapa wote wawili majina mapya, nywele mpya na wazazi wapya, ya zamani yakafutwa kama chaki ubaoni. Bwana Harkness mwenyewe hakujua nyota wake walikuwa kina nani kabla hajawaokota, wala hakuwahi kuuliza.

Mwanamke wa safu ya mbele yao akageuka. "Nyie wawili, si mnyamaze! Wenzenu tunatazama."

"Dada, kweli unaamini haya?" Delfina akamwuliza. "Mtu anapigwa risasi huku anaimba?"

"Mume wangu haimbi hata akioga. Niache niamini."

Delfina akaangua kicheko, kicheko chake cha jukwaani chenye uwezo wa kuvuka ukumbi wowote. Hakuna aliyemfuata. Wade akajaribu chake, kikatoka kama mbuzi anayekabwa. Walichopata ni kurushiwa bisi.

Kisha likaja lile busu. Wimbo ukashuka, msichana wa kwenye skrini akamvua mchunga ng'ombe kofia, na jumba zima likatulia. Delfina akakumbuka siku walipopiga picha ile. Mwongozaji alipaza sauti kwamba inatosha, na Wade hakusikia. Yeye pia hakusikia. Alijichukia kwa kukumbuka, akajichukia zaidi machozi yalipoanza kumtoka chini ya miwani.

Kwikwi ya kwanza ilitoka safu ya mbele. Ikafuata ya mchimba mafuta mmoja mwenye shingo nene, halafu leso zikaanza kutoka mifukoni kila upande.

"Tumekwisha," Wade alisema. "Na wewe unalia nini?"

"Wewe je?"

"Chumvi ya bisi."

"Si umesema hazina chumvi?"

"Zako. Zangu zinayo."

Taa zilipowaka, watu walikuwa wamesimama, wanapiga makofi na kupenga kamasi. Delfina aliiona New York ikimponyoka na moyo ukamuuma kwelikweli. Bwana Harkness akaja mbio, jasho linamtiririka kwa furaha, akawakumbatia wote wawili kwa mpigo.

"Wamelia! Hata mkata tiketi amelia! Jumamosi, wanangu, kanisani. Keki nimeshaagiza. Amerika nzima itawaona mkianza maisha!"

Akakimbia kwenda kutafuta simu. Wade akavua kofia, akaizungusha mikononi. Delfina akamsogelea sikioni.

"Haya, basi," akamnong'oneza. "Lakini tukioana mara hii ya pili, mama yako akae kwake."