Dada wa Tipoka

Pikipiki ilipozimwa mbele ya kibanda, Tipoka alijua kwamba mtoto wa mwenzake amekuja kumchukua mama yake.

Wote wawili walifukuzwa makwao kwa kuitwa wachawi, wakakutana katika kambi hii ya wanawake wazee, wakawa wanakula chungu kimoja. Macho ya Tipoka yalikuwa yamekufa. Mwenzake ndiye aliyemtekea maji na kumwokotea karanga zilizosalia mashambani.

"Siendi," mwenzake alimwambia mwanawe. "Huyu nimwache na nani?"

"Mama, pikipiki ya watu hii. Sitaweza kurudi tena."

Mwenzake alikuwa amemshika Tipoka mkono. Kidole chake kimoja, kilichovunjwa siku alipofukuzwa, kilikuwa kimepona kikiwa kimepinda. Tipoka alikipapasa. Alimkumbuka bibi wa kibanda cha pili, aliyebaki peke yake na hakumaliza kiangazi.

Akauchomoa mkono wake.

"Nenda, mchawi we, umenichosha kwa kukoroma," alisema akicheka. "Dada yangu anakuja kesho kukaa nami."

Mwenzake alijua fika kwamba Tipoka hana dada. Akainuka, akakung'uta nguo yake.

"Basi akija," alisema, "nisalimie."