Analia Akitafuna

Jicho la kushoto la wifi yake lilianza kutiririka mara tu alipotia mkate mdomoni. Dada mtu aliweka kikombe chini, akatazama. La kulia lilikuwa kavu.

"Umemwona?" alimnong'oneza mama yake walipoingia jikoni. "Kafiwa upande mmoja."

"Mwache mwenzio alie."

"Namchunguza tangu tumzike kaka, Mama. Kaburini, kimya. Chumbani, kimya. Sahani ikija tu, machozi. Na wageni huja wakati wa chakula. Hayo ni machozi ya mamba."

Kazi yake ilikuwa kukagua chupa kiwandani, kutafuta ufa usioonekana. Nyumbani nako hakupumzika.

Mama hakuyumba. Mkwewe alikuwa ameomba abaki katika chumba cha marehemu, asirudi kwao. "Anayemlilia mwanangu hivi hatoki kwangu. Leo tukimaliza kula nitamwambia mbele ya wote."

Dada mtu akamwita binamu yao daktari aje kula na kujionea hayo machozi ya mamba, akamketisha mkabala na mjane.

Sahani zikaletwa. Mjane akatafuna, jicho likamwagika. Daktari akaacha kijiko.

"Shemeji, uso uliwahi kukupooza upande huo?"

"Mwaka jana, kabla hatujahamia huku. Ulipona wenyewe."

"Ulipona vibaya. Mshipa wa fahamu wa mate ulipoota upya, ulikwenda kujiunga na tezi ya machozi. Ukitafuna, jicho linatoa maji." Akamgeukia binamu yake. "Jina umepatia. Mamba husemwa hulia akila, na sisi madaktari tunayaita hivyo hivyo. Ila haigizi. Hawezi kuyaleta wala kuyazuia."

Dada mtu aliinamia sahani yake. "Nisamehe, wifi. Nilikudhania vibaya."

"Yameisha," alisema mjane, akachukua tonge jingine. Mezani watu wakashusha pumzi. Mtu akatania kwamba mwenye jicho kama hilo asialikwe harusini, wakacheka.

Mama hakucheka. Alikuwa bado anamtazama daktari.

"Kwa hiyo ni maji tu?"

"Maji tu, shangazi. Hayana hila wala huzuni."

Akamgeukia mkwewe taratibu.

"Basi mwanangu hujamlilia bado?"

Mjane aliacha kutafuna. Jicho likakauka.