Salamu Maria Tatu

Zilpah alisogeza benchi karibu na leso.

Katika kanisa lao la mabati hapo Osiri, penye machimbo ya dhahabu, padri husikiliza maungamo nyuma ya leso iliyotundikwa kwenye kamba, na wanaosubiri hukaa mbali. Lakini uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, na bintiye alikuwa halali wala hali.

Akamsikia akilia nyuma ya leso.

"Padri, nilichomea dhahabu na zebaki kwenye sufuria ya uji wa mdogo wangu. Mama hajui, bado anaitumia."

"Zebaki ni sumu, binti. Mwambie mama yako sasa hivi, ukitoka tu. Hicho ndicho kitubio chako."

Binti akatoka akijifuta macho kwa mkono wa sweta.

"Nyathina, mwanangu, umepewa kitubio gani?"

"Salamu Maria tatu tu, Mama."

Mapajani mwa Zilpah yule mdogo wake alikuwa amekumbatia kikombe chake, uji wa asubuhi umeganda ukingoni. Zilpah akakitwaa. Akakiinua pole pole hadi kwenye midomo yake mwenyewe, macho kwa bintiye, akingoja.

Binti alikitazama kikombe. Akafungua mdomo.