Pipa Lililofunikwa Gubigubi

Kitu cha kwanza alichokiona Kimya ni unga kwenye sikio la msichana mgeni. Fundi mwokaji alikuwa amemwinamia kumsemesha, akakinga maneno kwa kiganja chenye unga ili mashine ya kukandia isiyameze.

Kimya, ndivyo walivyomwita mwosha trei, akasugua trei moja mpaka ikaanza kulia.

"Mkwe wangu," mama yake fundi akamwuliza kutoka kwenye meza ya kuuzia, "hiyo trei imekukosea nini?"

Wafanyakazi wakacheka. Hakuna asiyejua. Tangu mgeni aje na kupelekwa moja kwa moja kwenye pipa la chachu, Kimya hakuwa na raha. Akiwaona wawili wale wameinamia povu, vichwa vinakaribia kugusana, alidondosha vitu. Fundi mwenyewe alianza kuja kazini na shati lililopigwa pasi.

Kimya akahamisha beseni lake karibu na pipa. Wakasema anawachunga. Pale alimsikia fundi akieleza kwamba chachu ni kitu hai, na lazima ikorogwe ipate hewa, maana bila hewa haiwezi kujitengenezea mafuta ya kulainisha ngozi yake. Ikinyimwa hewa haifi papo hapo. Huishi kwa mafuta iliyorithi kwa mama yake, na kila ikizaa humgawia mtoto, naye mtoto humgawia wake, mpaka anazaliwa asiye na cha kumgawia mtu. Hapo uzazi hukoma.

Kimya alikuwa akiyarudia maneno hayo anaposuuza, midomo ikicheza bila sauti. Mama yake fundi alipomwona hivyo alimhurumia, akajua mtoto wa watu anaongea na moyo wake.

Kisha fundi akasafiri kwenda kumuuguza kaka yake, mgeni akaachiwa pipa. Akalipenda kupita kiasi. Aliogopa vumbi, akaogopa inzi, akalifunika nailoni gubigubi na kulikaza kwa kamba, kama mtoto mwenye homa. Alifungua kidogo tu kuilisha chachu unga, akafunga upesi. Kukoroga hakukoroga.

Kimya aliona yote. Neno moja lingetosha. Akalimeza, akaendelea na trei zake.

Fundi aliporudi, povu lilikuwa limelala na mikate inatoka bapa kama kandambili. Mgeni alilia mpaka akapata kwikwi. Fundi akataka kujua kama hakuna aliyeona pipa limefungwa.

"Mimi niliona," Kimya akasema.

"Na ulijua kitakachotokea?"

"Nilijua."

Watu wakatazamana. Mama mtu akajifanya anapanga mikate, huku anatabasamu. Fundi akamvuta Kimya pembeni, akamwambia kwa upole asimchukie yule binti, hakuna lolote kati yao. Yeye si kipofu, ameona jinsi anavyoteseka. Akikubali, mama ataenda kwao kuposa wiki hii hii.

"Sema tu, usione haya," akanong'ona. "Ni mimi, sivyo?"

Kimya akainua macho, akamtazama usoni kwa mara ya kwanza. Kumbe alikuwa na masharubu.

"Hapana, kaka," akasema. "Mimi nilikuwa nalitaka pipa."