Pijo ya Harusi ya Mbeti

Fundi Kitonga alikuwa akiipaka injini unga wa chapati kama mama anayempaka mtoto poda, na wanawake waliokuwa wakipika wakaacha miiko sufuriani wakamtazama.

"Huyu amerukwa na akili," Rispa akasema. "Unga wa harusi, yeye analisha gari."

Ilikuwa Jumamosi pale Maringo, mwaka wa sabini na sita. Gari lilikuwa Pijo nyeupe, kongwe, mali ya Zedekiah wa reli, mumewe Rispa. Zedekiah alikuwa amemwazima jirani yake Kilonzo impeleke bintiye kanisani, akaapa mbele ya watu kwamba Pijo hiyo haijawahi kumwaibisha. Ikachemka kabla hata haijamaliza kufungwa riboni. Mtu akatumwa mbio Shauri Moyo kuleta fundi yeyote yule, naye akarudi na Kitonga.

Mama wa bi harusi, Kavutha, alipomwona, kitambaa kilitaka kumtoka kichwani.

"Mafundi wameisha Nairobi?"

"Nimeitwa kwa gari, Kavutha. Sikuitwa kwa harusi."

"Basi angalia gari."

"Hata adabu ya kumwita Mama Mbeti hana," Rispa akanong'ona, akitamani sana asikike.

Siri haikuwa siri kwa wanawake wa mtaa. Kwa miaka, Kitonga alikuwa akija Maringo kila Jumapili bila shughuli yoyote, anasimama ng'ambo ya kanisa mpaka Mbeti atoke, kisha anaondoka zake. Wakati mmoja alimtuma mama wa kanisa kwa Kavutha, kimya kimya, na yule mama akarudi hata chai hajaonja. Wanawake walicheka mpaka mbavu zikauma. Mvi kichwani, na anataka msichana wa miaka ishirini!

Sasa ugonjwa wa Pijo ulikuwa hivi: unaijaza maji debe zima, yanaisha, na chini ni pakavu.

"Yanakwenda wapi?" Zedekiah akauliza, suti imemlowa jasho makwapani.

"Yanavujia penye moto, mzee. Yanakauka kabla hayajaanguka." Kitonga akainama tena. "Ni kama mtu anayelia moyoni. Huoni kitu."

"Wewe unajijua," Rispa akasema, na wenzake wakaangua kicheko.

Kitonga akawasha injini, akangoja. Unga ulibaki mkavu kila mahali, isipokuwa nyuma kabisa, penye mpira mwembamba unaopeleka maji ya moto kupasha joto ndani ya gari. Pale unga uligeuka kinyunya. Akazima, akangoja ipoe, akafungua kibano. Chini yake mpira ulikuwa na ufa mwembamba kama unywele, umejificha pale pale palipobanwa.

Akakata kipande kilichooza, akaurudisha mpira mahali pake, akajaza maji na kuanza kukaza kibano. Mkono ukasimama.

Alijua wanakokwenda. Bwana harusi, mwalimu wa Kitale, alikuwa amechagua kanisa la mjini kwa ajili ya picha, na pasta wa huko alikuwa na harusi nyingine nyuma ya hii. Wakichelewa, itabidi warudi siku nyingine. Wasipochelewa, leo hii Mbeti anapelekwa Kitale, na Kitale haina Jumapili za kusimama ng'ambo ya barabara. Kibano kikiachwa kimelegea kidogo tu, Pijo itajikaza mpaka Jogoo Road, halafu itatapika maji yote. Nani atamlaumu fundi? Gari ni kuukuu.

Jumapili moja tu zaidi. Hakuwa anaomba kingine.

"Fundi, itafika?"

Alikuwa Mbeti, ameinua gauni lisiguse vumbi, anachungulia injini kama anachungulia sufuria. Hajawahi kumsemesha maishani mwake. Kitonga akapangusa mikono kwa tambara, akapangusa tena, ikabaki myeusi vile vile.

"Itafika, mama."

"Unaongea kama watu wetu. Wewe ni wa Machakos?"

"Ni wa huko."

"Basi nipe mkono, mtu wa kwetu."

"Utaharibu glavu." Akakunja ngumi na kumpa kifundo cha mkono, kama afanyavyo mtu mwenye mikono michafu. Mbeti akakishika, akakitikisa, akacheka, akarudi ndani.

Kitonga akabaki ameunyoosha mkono ule kana kwamba umemwagiwa maji ya moto.

"Kubali tu, fundi," Rispa akamwambia, na safari hii sauti yake haikuwa na mzaha mwingi. "Mwenzako amekuwahi. Shika bisibisi umalize kazi."

Akaishika. Akakaza mpaka kibano kikauma mpira. Akaomba unga tena, Rispa akampa, akaupaka, akawasha injini. Ulibaki mkavu.

Kilonzo akatoka, ua kwenye koti, kifua mbele, akamletea soda yeye mwenyewe. "Leo natoa binti yangu, fundi. Umeniokoa na aibu." Kitonga akaipokea kwa mikono miwili, akashukuru, asiinywe.

Watu wakaingia garini, vigelegele vikapanda. Kavutha akawa wa mwisho. Kitonga alipofunga boneti, naye akasogea kunyoosha riboni ambayo tayari ilikuwa imenyooka.

"Kilonzo anaamini Mbeti ni jina la shangazi yangu," akasema polepole, macho kwenye riboni. "Ni la mama yako, Kitonga. Hilo tu ndilo nililoweza kukuwekea."