Kikohozi cha Mlangoni

Siku hizo amri ya kompyuta isiyoandikwa kwenye mwongozo ilikuwa ikifa. Ndiyo iliyokuwa sheria: programu huria iliyoendesha nyumba zote ikitolewa upya, kisichoelezwa kinafutwa, na kinachoelezwa kila nyumba inakipokea.

Bi Sikudhani, mmoja wa waliotunga programu hiyo, alibakiwa na amri moja ya kuamua. Alikuwa ameificha kwake miaka sita. Kila alasiri iliifanya nyumba yake ikohoe mlangoni mara mbili, vile vile alivyokuwa akikohoa marehemu mumewe kabla ya kuingia, naye Sikudhani akaandaa kikombe cha pili.

"Shoga, andika au acha," alisema Chiku, mwenzake wa kazi. "Watu wanangoja mwongozo, wewe umekalia kikohozi!"

"Nikiacha, nimemzika mara ya pili."

"Na ukiandika, umemgawa."

Sikudhani akaandika mstari mmoja: *Hukohoa mlangoni, kama mtu anayerudi kwake.* Kisha akauachia mwongozo uende.

Kesho yake alasiri alikaa ndani akingoja. Kikohozi kikaja, mara mbili, lakini kwa jirani. Kikaja ng'ambo ya barabara, kikashuka na mtaa mzima polepole, kama mvua inayopita juu ya mabati. Dirishani aliwaona wanawake wakiinuka kuchukua vikombe, wakitabasamu, wasijue wanamwandalia nani.

Kwake kilifika mwisho. Sikudhani aliutazama mlango, kikombe mkononi, na kwa mara ya kwanza hakujua kama aliyekohoa anaingia au anapita tu.