Yai Lililoibuka Majini

Yai lilipoibuka majini, mzee Khoát alitaka kupiga kelele, "Mwizi!" Sauti haikutoka. Tangu kiharusi kimwangushe mwaka juzi, mwili mzima ulikuwa gogo, na kilichobaki kumtii ni kope za jicho la kushoto tu. Kupepesa mara moja, ndiyo. Mara mbili, hapana. Basi.

Akabaki kwenye kiti chake cha magurudumu ukingoni mwa bwawa la kijiji, katikati ya watalii na makoti yao ya mvua, moshi wa fataki ukimpitia usoni, anatazama anavyoibiwa mchana kweupe.

Ndege wawili wa mbao, vikaragosi vya rangi ya dhahabu, walikuwa wamezungukana juu ya maji na kugusana midomo. Sasa yai jeupe lilipanda katikati yao, likapasuka, kifaranga akatoka. Watalii wakashangilia.

"Mchezo huu ulikuwa umepotea," msichana anayewaongoza akawaambia. "Ni ukoo mmoja tu uliojua siri yake."

Ukoo wake! Babu alimpa baba, baba akampa yeye, na kila mmoja aliapa mbele ya mizimu ya chama cha wachezesha vikaragosi: hapewi jirani, hapewi mke, hapewi binti atakayeolewa kijiji kingine akaondoka nayo. Khoát alijaliwa mabinti tu. Basi siri ingekufa naye, na ife. Afadhali ife kuliko kuibwa.

Lakini nani? Wachezaji, wanaowaendesha ndege kwa fito zilizofichwa majini, walikuwa nyuma ya pazia la mianzi, maji kiunoni, hawaonekani. Ndipo akamwona ndege dume akilalia kushoto kidogo kabla ya kuzama. Lahaula! Ile si kasoro yake mwenyewe, aliyoipata kwa goti lake bovu kila alipomchezesha ndege huyo? Hakuna mtu anayefundishwa kasoro. Mwizi huyu alikuwa akimchungulia miaka na miaka, kila alipofanya mazoezi kwenye kibwawa cha nyuma ya nyumba.

Na kibwawa kile kilipakana na nani? Na Vượng, kiongozi wa wachezaji wa leo. Upande wa pili palikuwa na dirisha la jikoni tu, na humo alikuwamo Mận, mkewe, na masufuria yake.

Laiti Mận angekuwepo! Hakuna aliyelisoma jicho lile kama yeye. Lakini kabla ngoma hazijalia alimfunika blanketi, akasema, "Baba Lụa, nakimbilia tambuu mara moja, narudi sasa hivi." Akapotea. Wanawake na tambuu zao!

Mchezo ukaisha. Wanaume wakatoka nyuma ya pazia kuinamia wageni, nguo zikichuruzika maji. Mzee Sửu, mkuu wa chama, aliyekuwa akipiga ngoma nchi kavu, hakungoja hata makofi yaishe.

"Vượng! Njoo hapa. Yai lile umelitoa wapi?"

Vượng akaja, akaanza kukamua shati lake.

"Nasema na wewe! Au maji yamekuingia masikioni?"

"Mzee wangu, wageni wamefurahi. Tusiiharibu siku."

"Wageni wana basi lao, wataondoka. Sisi tunabaki na mizimu yetu." Sửu akainama mbele ya kiti, sauti ikalegea. "Ndugu yangu Khoát, ulimfundisha wewe?"

Khoát akapepesa mara mbili.

"Basi imeibwa. Mwizi ni huyu?"

Vượng akageuka akalitazama pazia la mianzi, kisha akainamisha kichwa. Hakujitetea hata kwa neno moja. Asiye na hatia angenyamaza hivyo? Khoát akakusanya nguvu zote alizobakiwa nazo, akapepesa mara moja.

"Umesikia," Sửu akasema. "Jina lako limefutwa. Wewe na wanao, maji haya msiyakanyage tena."

Vượng akamwinamia Khoát kwa heshima, akaenda zake. Kwa mara ya kwanza tangu augue, mzee akasikia moyo wake umetulia.

Mận alirudi watu wameshatawanyika, anahema, nywele mbichi zimemganda kichwani. Tambuu hakuwa nayo. Alimrekebishia blanketi kwa mikono ya baridi, vidole vimekunjamana kama vya mtu aliyefua nguo kutwa nzima. Pumzi yake ilinuka mchuzi mkali wa samaki, ule ambao wachezaji hupiga funda moja kupasha mwili kabla ya kuingia majini.

"Baba Lụa," akamnong'oneza, akicheka na kulia, "umeliona yai lako?"

Khoát akapepesa mara mbili. Si Vượng! Tena mara mbili. Tena, na tena.

"Pole, moshi huo wa fataki," Mận akasema. Akalifuta jicho kwa ncha ya kitambaa chake, akakisukuma kiti kuelekea nyumbani.